Kijuma wa Lamu: Mkono Uliovuka Bahari

Leo nataka tuzungumze habari za mtu ambaye jina lake wengi tumelisikia, lakini maisha yake ni wachache wetu wayajuao sawasawa. Naye ni marehemu Muhamadi bin Abubakari bin Omari al-Bakari, aliyejulikana Lamu nzima kwa jina la Kijuma, na wengine wakimwita Kijumwa. Alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855, akafariki mwaka 1945. Alikuwa malenga, mwandishi wa khati, mchonga milango, mwimbaji na mpiga kinanda. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kilichonikumbusha mzee huyu ni simu ya mkononi. Siku moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimeketi barazani kwetu hapa Mombasa, akaja mtoto wa dada yangu, akaniwekea simu yake mbele ya macho. Kwenye kile kioo palikuwa na ukurasa mkongwe, karatasi yake imegeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Herufi zake zilikuwa za Kiarabu, lakini maneno yalikuwa Kiswahili cha Kilamu kitupu. Kijana alitaka kujua kama naweza kuusoma. Nikavaa miwani nikaanza pole pole, na kabla sijafika ubeti wa tatu nikaona katika maelezo ya maktaba kwamba mwandishi wake ni Kijuma. Ukurasa wenyewe uko London. Mimi niko Mombasa, karibu na Lamu kuliko huko, na katika umri wangu wote wa miaka hamsini na kitu sijapata kuushika kwa mkono.

Nilifurahi, tena nikaona uchungu. Na hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike.

MTOTO WA LAMU

Kijuma alizaliwa wakati Lamu ikiwa chini ya himaya ya Masultani wa Zanzibar. Majahazi yalikuwa yakija na kaskazi na kuondoka na kusi, na mji ulikuwa na wanavyuoni, mafundi na watunzi kila mtaa. Miaka ile ya utoto wake ndiyo Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake ule utendi wa wasia, mwaka 1858. Kwa hiyo Kijuma alikulia katika mji ambao utungaji ulikuwa sehemu ya malezi, na mwanamke ndani ya nyumba yake aliweza kutunga maneno yakasomwa karne nzima baadaye.

Kama watoto wote wa Kiislamu wa zama zake alitiwa chuoni akasomeshwa Kurani. Sisi tuliopita chuoni twaijua ile kazi. Unaandika kwenye ubao, mwalimu anakusikiliza, ukihifadhi unaosha ubao na kuandika upya. Mtoto huko hujifunza kusoma, na pamoja na hilo mkono wake huzoea kalamu. Wengi wetu mkono huo tuliuacha pale pale chuoni. Kijuma aliuchukua akaenda nao mbali.

Mtu huyu hakutosheka na fani moja. Alipenda ngoma na nyimbo, na katika Lamu ile ya mashindano ya mitaa, ambapo watu walijibizana kwa tungo kabla ya kujibizana kwa kitu kingine chochote, mtunzi hodari alikuwa mali ya watu. Alipiga kinanda. Tena alikuwa fundi wa kuchonga mbao, na uchongaji wa Lamu si kazi ya haraka. Mlango una miimo yake, una mfaa wake wa katikati, una kizingiti cha juu, na kila mahali pana nakshi yake. Anayechonga hukaa juu ya ubao mmoja siku baada ya siku, na akiteleza mara moja nakshi imeharibika.

Mimi naamini, na hii ni rai yangu, kwamba khati ya Kijuma imetokana na patasi. Ukitazama kurasa zake utaona anavyopanga vichwa vya habari, anavyotia mapambo, anavyotumia wino wa rangi, na anavyoufunga utendi mwishoni kama fundi anayemalizia kizingiti. Aliandika kama mtu anayejua kwamba kazi yake itatazamwa, hata na asiyejua kuisoma.

WAGENI WALIPOBISHA HODI

Zama za Kijuma ndizo zama Wazungu walipoanza kuitafuta lugha yetu kwa bidii. Kabla yake njia ilikuwa imekwisha funguliwa. Mwaka 1854 mmishonari Krapf, aliyekaa hapa Mombasa, alipeleka Ujerumani miswada ya tendi za Kiswahili, ikawekwa katika mji wa Halle. Lakini Kijuma alifanya jambo ambalo kabla yake hatukuliona kwa wingi namna ile. Alikuwa ni mtu wa hapa, aliyejua thamani ya kitu chake, akakaa kitako akawaandikia wageni kwa mkono wake, mswada baada ya mswada, kwa miaka mingi.

Wa kwanza wa kutajwa ni Bibi Alice Werner, mwanamke wa Kiingereza aliyesafiri katika nchi zetu kati ya mwaka 1911 na 1913, akafika Lamu. Baadaye alifundisha Kiswahili London katika chuo ambacho leo chaitwa SOAS. Baada yake akaja William Hichens, aliyepata kuwa afisa wa serikali ya kikoloni. Werner na Hichens walishirikiana kuutoa utendi wa Mwana Kupona kitabuni mwaka 1934, na Hichens akautoa Al-Inkishafi mwaka 1939. Kisha katikati ya miaka ya 1930 akaja Ernst Dammann, Mjerumani aliyekuwa mchungaji Tanga, pamoja na mkewe Ruth. Kitabu chake cha tungo za Kilamu kilitoka Ujerumani mwaka 1940. Wote hao walipata kazi ya mkono wa Kijuma. Walipokuja akina Dammann, mzee alikuwa ana miaka themanini hivi, na bado mkono haukumtetemeka.

Utendi mmoja aliweza kuunakili zaidi ya mara moja, kila mgeni akapata nakala yake. Alilipwa kwa kazi hiyo, na sioni aibu kulisema. Fundi hula kwa mkono wake. Watu waliopata kuuza milango, majahazi na mikeka, kwa nini mwandishi asile kwa kalamu?

FUMO LIYONGO

Msidhani kwamba alikuwa mnakili tu. Mwaka 1913 Kijuma aliandika utenzi wa Fumo Liyongo, wa beti zaidi ya mia mbili, akikusanya habari za yule shujaa wetu wa kale ambaye bara na pwani yote yamjua: nguvu zake, kufungwa kwake, ngoma iliyomtoa kifungoni, na mwanawe aliyemsaliti kwa sindano ya shaba. Habari hizo zilikuwa zikitembea midomoni mwa watu vizazi kwa vizazi. Kijuma akazitia katika beti, na tangu hapo wengi wetu tukimtaja Liyongo, twamtaja kwa njia aliyoipitia Kijuma. Utenzi huo ulipigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1973 na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, ukaingia mikononi mwa wanafunzi wa Afrika Mashariki.

Hebu fikirini: kutoka mwaka 1913 hadi 1973 ni miaka sitini. Aliyeandika alikuwa amekufa miaka 28.

MANENO YA MJI

Sitaficha kwamba Kijuma alikuwa na watu waliomsema. Ukaribu wake na wamishonari wa Kijerumani waliofika Lamu, na kazi aliyofanya pamoja nao, uliwafanya wengine waitilie shaka dini yake. Ngoma na kinanda navyo viliwaudhi watu wa dini. Mji mdogo una masikio makubwa, na maneno yale yalimwandama uzeeni.

Mimi si kadhi wala sikuletewa kesi. Yaliyomo moyoni mwa mja ayajua Mola wake. Ninalolijua ni kwamba mkono ule ule ulionong'onewa ndio ulionakili maneno ya kumsifu Mtume, sala na salamu zimshukie, na kisa cha Nabii Ayubu, na mawaidha ya Mwana Kupona, yakabaki. Wengi waliomsema hawakutuachia hata barua.

KARATASI ZILIPOKWENDA

Basi Kijuma akamaliza siku zake mwaka 1945. Hichens alikuwa ametangulia mwaka uliopita, na karatasi zake, na ndani yake kazi za Kijuma, zikaishia SOAS. Za Dammann zikawa katika maktaba kuu ya taifa mjini Berlin. Kwa hiyo mtu wa Lamu aliyetaka kuiona khati ya mtu wa Lamu ilimlazimu apate nauli ya ndege, viza, barua ya chuo kikuu, kisha aketi katika chumba cha kusomea akiangaliwa asiharibu kitu. Nani wetu aliyeweza?

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Kwa haki, mengi yaliyobaki kwetu yalipotea mbele ya macho yetu. Bibi yangu alikuwa na kasha, na ndani ya kasha palikuwa na juzuu, barua za mirathi na tendi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Mchwa walikula utendi mmoja. Wa pili uliazimwa na mgeni mmoja mwenye maneno matamu, aliyeahidi kuurudisha baada ya mfungo wa Ramadhani. Ramadhani hiyo imepita, na nyingine zaidi ya thelathini zimepita baada yake. Sisi wenyewe tulimpa, na tulimpa kwa sababu hatukujua tulichokuwa nacho.

Ndiyo maana siwezi kusema kwa moyo safi kwamba kama Kijuma asingewapa Wazungu, leo kazi zake zingekuwa salama Lamu. Huenda mchwa wangezila. Huenda mvua ingezipata. Katika kuziuza alizihifadhi, na katika kuzihifadhi tukazikosa. Hilo ndilo fumbo la maisha yake.

PICHA INAPORUDI

Sasa twaja kwenye ile simu ya mpwa wangu. Katika karne hii SOAS imeorodhesha miswada yake ya Kiswahili na kuweka picha za kurasa kwenye mtandao wa intaneti, mtu yeyote azione bila kulipa kiingilio. Kazi hiyo si ya kubofya tu. Mswada huwekwa juu ya kitegemeo ili mgongo wake usivunjike, taa hazipashi joto, kamera husimama juu yake, na kila ukurasa hupigwa picha na kupewa nambari. Kisha huandikwa maelezo: ni utendi gani, khati ya nani, mwaka gani, karatasi ukubwa gani. Maelezo hayo ndiyo ufunguo. Bila hayo picha ni kama kitabu kilichotupwa baharini.

Zaidi ya hayo, maktaba nyingi za dunia zimekubaliana juu ya utaratibu mmoja, uitwao kwa herufi zake IIIF, ambao humwezesha msomaji kufungua picha za maktaba mbili tofauti kwenye kioo kimoja, bega kwa bega. Maana yake ni kwamba kurasa za Kijuma zilizotengana, hizi London na zile Berlin, zaweza siku moja kuwekwa pamoja tukalinganisha beti kwa beti, wala hapana mtu aliyepanda ndege.

Na kuna mfano bora zaidi, nao uko Lamu yenyewe. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Swaleh, mtu wa zama za Kijuma aliyefariki mwaka 1935, una hazina ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. British Library ya London ina programu iliyoanza mwaka 2004 ya kuokoa nyaraka zilizo hatarini duniani, na kwa msaada wake miswada zaidi ya mia moja ya Riyadha ilipigwa picha. Sharti la programu hiyo ni kwamba kitabu chenyewe hakitoki katika nchi yake. Kinachosafiri ni picha, na nakala ya picha hubaki na wenyewe.

Tazameni tofauti ilivyo. Zama za Kijuma, ili Mwingereza asome ilibidi sisi tukose. Zama hizi aweza kusoma naye akiwa kwao, na kitabu kikabaki rafuni mwake Lamu. Huo ndio naweza kuuita ubadilishanaji wa utamaduni.

YALIYOPUNGUA

Hata hivyo tusishangilie kabla ya ngoma kwisha. Yapo mambo matatu yanayonikera.

La kwanza, mtandao nao una mchwa wake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 wezi wa mitambo ya kompyuta waliivamia British Library, na kwa miezi mingi huduma zake za mtandaoni zikawa zimekwama. Waliokuwa na nakala kwao walibaki nazo, na waliotegemea kioo tu walikaa wakisubiri. Basi kasha moja halitoshi, hata liwe la chuma, hata liwe London.

La pili ni jina. Tafuta Kijuma, utapata mambo. Tafuta Kijumwa, utapata mengine. Andika Muhammad, Muhamadi, Mohamed, al-Bakari, al-Bakry, na kila mara mashine inakupa mlango mwingine. Mtu mmoja amegawanyika kuwa watu sita kwa sababu kila mgeni aliandika jina lake alivyolisikia. Kulirekebisha hilo hakuhitaji mtambo. Kunahitaji mtu anayejua kuwa wote hao ni yule mzee mmoja.

La tatu ndilo kubwa. Watoto wetu hawaisomi khati ile. Herufi za Kiarabu wanazijua, kwa kuwa wamepita chuoni na madrasa, lakini hawakufundishwa kuzisomea lugha yao. Waandishi wetu wa kale walitumia herufi moja kwa sauti zaidi ya moja, na msomaji alitakiwa awe anaijua lugha ndipo atambue neno lipi limekusudiwa. Mashine haijui hilo. Mpwa wangu, aliyeikuta picha ile kwa vidole viwili, hakuweza kusoma hata mstari. Hazina imerudi mlangoni, na mwenye nyumba hana ufunguo.

SHANGAZI

Nimalizie kwa jambo lililonipata siku ile ile. Nilipokuwa nikisoma kwa sauti pale barazani, shangazi yangu alikuwa ndani, mtu mzima aliyezaliwa Lamu, asiyeona vizuri siku hizi. Nilifika kwenye neno fulani nikalisoma, nikaendelea. Akanisimamisha kutoka ndani. Akaniambia kwamba nimekosea, neno si hilo, akalitaja lilivyo. Nikaitazama tena herufi. Kweli, ilikuwa ni ile inayobeba sauti mbili, nami nilichagua isiyo yake. Kisha shangazi akaendelea kusoma kwa moyo, mimi nikifuata kwa macho kwenye kioo, beti baada ya beti, mpaka ukurasa ukaisha naye akavuka ukurasa wa pili kabla kijana hajaufungua.

Aliufundishwa na mamake, bila karatasi. Hajawahi kusikia habari za SOAS, wala hana haja nazo. Lakini siku ile alisahihisha usomaji wa mswada ulioko London, kutoka chumbani mwake, Mombasa.

Nikamwambia mpwa wangu aache kila kitu, atoe simu ile ile amrekodi shangazi, autaje utendi mzima. Tulifanya hivyo kwa jioni tatu, baina ya magharibi na isha. Sauti hiyo sasa tunayo katika sehemu tatu tofauti, na kijana ameanza kujifunza khati, siku za Jumamosi, akisoma picha za Kijuma kama tulivyosoma ubao sisi.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Lamu, Pate, Siu, Mombasa, Malindi na kwingineko, ombi langu ni hili. Mwenye mzee nyumbani anayehifadhi tungo, amrekodi kabla ya kesho. Mwenye kasha alifungue, apige picha kurasa zake, asiwape wageni karatasi yenyewe. Mwenye kuijua khati afundishe hata mtoto mmoja. Na wakuu wa makumbusho na maktaba zetu wawaandikie wenzao wa London na Berlin, wawapelekee usahihisho wa majina na wa maneno, maana wao wana karatasi na sisi tuna lugha, na hakuna upande utakaokamilika bila wa pili.

Kijuma alipeleka kazi zake ng'ambo kwa miaka mingi, na jibu la Lamu halikwenda. Karne karibu nzima imepita. Sasa njia ya kujibu ipo, tena iko mfukoni. Mola amsamehe makosa yake na yetu, na atujaalie tusiwe watu wa kuonyeshwa mali yao na jirani. Amin.